Weupe Juu ya Ghuba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema hili mapema ili msomaji asinitafutie upole ambao sina. Mkuu wa kituo chetu alizoea kusema kwamba mtu kama mimi hafai kupima mvua, maana nitagombana nayo. Aliyasema kwa utani, lakini utani wa bosi huwa na mfupa ndani yake.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya saruji na mabati karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, na mbele yake ua wa nyasi wenye vifaa vya kupimia mvua, joto na upepo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tuliongezewa kitu kipya, mtambo wa kupokea picha za setilaiti. Ziwa lilikuwa limepanda miaka michache nyuma, likameza mashamba na nyumba za watu wa ufukweni, na wakubwa wakaamua lichunguzwe kwa kila njia, hata kwa njia ya juu angani. Nikatumwa Nairobi kujifunza mtambo huo. Niliporudi, majirani zangu wa Kaloleni wakaniita fundi wa mawingu, na akina mama wakawa wananisimamisha asubuhi kuniuliza kama waanike nguo. Nikisema anikeni na mvua ikanyesha, jioni nilitafutwa.

Nieleze kidogo jinsi mtambo huo ulivyofanya kazi, maana watoto wa leo wanaziona picha hizo kwenye televisheni na kudhani zilikuwa hivyo tangu zamani. Setilaiti za kwanza za hali ya hewa zilipiga picha, zikazihifadhi kwenye utepe, kisha zikazimwaga zilipopita juu ya vituo vichache vikubwa vya ng'ambo. Sisi tuliokuwa chini ya mawingu yenyewe tulipata habari baadaye, kama tulipata. Halafu ikaja aina nyingine. Hiyo ilipiga picha ya nchi iliyokuwa chini yake na papo hapo ikaanza kuituma kwa redio, polepole, mstari baada ya mstari, kwa yeyote mwenye antena na masikio. Haikubagua. Ilitoka kaskazini kwenda kusini, ikauzunguka ulimwengu kwa muda usiofika saa mbili, huku dunia ikijigeuza chini yake kama mtu anayeota moto, mara mgongo mara tumbo. Kwa hiyo kila asubuhi tulipata mpito mmoja mzuri juu yetu. Kamera yake ilihitaji jua. Usiku haikuona kitu.

Chini tulikuwa wawili. Fundi wa redio, mwanamume mwembamba wa kutoka Maseno, alisimama nje kwenye antena akiigeuza kwa mkono, gurudumu moja la kulia na kushoto, jingine la juu na chini, akifuata jedwali lililoonyesha setilaiti itakuwa wapi kila dakika. Mimi nilikaa ndani na vipokea sauti masikioni. Ilipochomoza nilisikia mlio wake, tiki-tiki-tiki za haraka, kama kijiti kwenye spoki za baiskeli. Kila mlio ulikuwa mstari mmoja wa picha. Mashine iliuandika mstari huo kwenye karatasi yenye unyevu iliyonuka dawa, na picha ikatoka taratibu kama inayojifikiria. Nyeusi ni maji, kijivu ni nchi kavu, nyeupe ni mawingu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na hivyo ndivyo tulivyosoma. Baada ya hapo nilitandaza juu yake karatasi angavu yenye mistari ya ramani, nikaanza kutafuta kwetu. Katika picha iliyobeba nchi kutoka Sudan hadi Tanzania, ghuba yetu yote, kuanzia Kisumu hadi pale inapofungukia ziwa kuu, ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba na mvua zilikuwa zimezidi kiasi. Mto Nyando ulikuwa umevunja kingo zake, uwanda wa Kano umefunikwa, na barabara ya Ahero haikupitika kwa gari wala kwa mguu. Asubuhi hiyo simu ililia kabla ya mpito. Alikuwa karani wa hospitali ya mjini. Alisema zahanati moja upande wa Kendu, ng'ambo ya ghuba, imeleta habari kwa redio ya polisi: kuna mama mjamzito anayetokwa na damu ilhali uchungu wenyewe haujaanza, na nesi wa huko anasema asipofikishwa kwa daktari wa kupasua hataiona jioni. Gari haliwezi kupita. Lipo boti la injini la serikali, na nahodha yuko tayari bandarini. Lakini boti hilo, tangu mwenzake alipozama na watu, halikuruhusiwa kuvuka ghuba bila neno la kituo chetu.

Nikamwuliza jina la mgonjwa ili niliandike kwenye ripoti. Akalisoma. Lilikuwa jina la dada yangu.

Wazazi wetu walifariki kabla sijaanza shule. Dada ndiye aliyenilea. Alikaanga samaki na kuwauza kando ya soko, akanisomesha kwa moshi ule, na alichelewa kuolewa kwa sababu yangu. Watu hawakuacha kumsema na yeye hakuacha kucheka. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza, baada ya kungoja mpaka tulikuwa tumeacha kulitaja jambo hilo mbele yake. Nikaliandika kwenye ripoti, nikamwambia karani nitampigia.

Mkuu wetu aliingia muda si muda, amekuja na gari lake dogo kutoka Milimani. Nilimweleza. Hakunipa pole ndefu. Alitazama saa ya ukutani, akasema mpito uko karibu, tutaangalia kwanza. Alikuwa mtu wa tahadhari na alikuwa na sababu. Yeye ndiye aliyewaambia wale wa boti lililozama kwamba hali ni nzuri. Aliwazika wote, mmoja baada ya mwingine, akisimama nyuma ya waombolezaji na kofia mkononi, na tangu hapo hakutoa neno juu ya jambo asiloliona.

Nikampigia nahodha. Nilimjua kwa sauti tu, mtu mzima aliyelijua ziwa tangu utotoni.

"Hii maji imenyamaza sana, Madam," alisema. "Hata nyasi ya ukingoni haitingishiki. Mimi niko tayari, lakini nataka neno yenu. Bila neno yenu siendi."

Nilitaka kumwambia nenda. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, akatikisa kichwa. Nikamwambia nahodha angoje.

Fundi akatoka kwenda kwenye antena, mimi nikavaa vipokea sauti. Mlio ulikuja safi asubuhi hiyo, na picha ya kwanza ikaanza kutoka. Sudan ikatoka kijivu. Kaskazini mwa Uganda kukatoka madoa. Mlima Elgon ukavaa kilemba chake cha kawaida. Halafu ziwa likaanza, jeusi upande wa magharibi, likififia na kuwa kijivu kadiri lilivyokuja mashariki. Na ghuba yetu ikatoka nyeupe. Haikuwa kijivu wala madoadoa. Ilikuwa nyeupe pe, kutoka mdomo wake hadi karibu na kwetu.

Weupe wa namna hiyo kwa kawaida ulikuwa na maana moja kwetu: mawingu marefu, ya radi na upepo wa ghafla. Nikaenda dirishani. Juu ya Kisumu mbingu ilikuwa safi na jua linawaka, lakini kutoka kituoni tuliona mwisho wa ghuba tu. Kendu ilikuwa mbali ndani ya ukungu, na kile kilichokuwa kati yetu na Kendu hakuna aliyekiona isipokuwa ile kamera.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwalimu wetu wa Nairobi alilitaja kwa kupita tu. Maji yakitulia kabisa, na jua likiwa upande unaofaa, yanamrudishia mpiga picha mwanga kama kioo. Kwa hiyo pale palipotulia kuliko pote ndipo panapotoka peupe kuliko pote. Hatukuwa tumepata kuliona jambo hilo juu ya ghuba. Nikamwonyesha mkuu kwamba weupe ule ulifuata umbo la ufuo, kwamba wingu halijui ufuo uko wapi. Akainama na kioo chake cha kukuzia, akakaa nacho muda mrefu.

"Unaona jua kwa sababu unataka kuona jua," alisema.

Nikamjibu kwamba naye anaona dhoruba kwa sababu amezika watu. Niliyasema kwa sauti ya juu. Fundi alikuwa amechungulia mlangoni, akarudi nje.

"Ni kweli," mkuu alisema. "Na nikikosea tena, safari hii utakuwa unazika na mimi."

Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika hata kidogo. Ghuba ilikuwa ndogo mno kwenye karatasi ile, na umbo la ufuo nililoliona lingeweza kuwa umbo nililolitaka. Mkuu hakunicheka wala hakunikaripia. Alisema picha ya pili itakata shauri. Setilaiti ilikuwa inaendelea kusini, na kabla haijatupotea ingepiga picha nyingine, ambamo ziwa lingeonekana tena ukingoni. Kama ni mng'ao, utakuwa umehama pamoja na setilaiti. Kama ni wingu, litakuwa pale pale. Ukitembea mbele ya nyumba ya mabati jua linapowaka, mng'ao wa paa unakukimbia, lakini chokaa ya ukutani haikukimbii. Ghuba ikitoka nyeupe mara ya pili, alisema, hakuna boti.

Shida ni kwamba katika picha ya pili ziwa lingeangukia pembe ya juu kabisa, kwenye mistari ya kwanza, na mistari ya kwanza ndiyo ambayo mara nyingi iliharibika mashine ilipokuwa ikitafuta mwendo. Tena setilaiti ingekuwa imeanza kuinama kusini, na antena ikitetereka kidogo tu ungesikia kelele badala ya picha. Nikatoka nje nikamwambia fundi kwamba akiipoteza hii sitamsamehe maisha yangu yote. Hakuniangalia.

"Rudi ndani," alisema. "Unanitilia kivuli kwenye jedwali."

Kati ya picha na picha kulikuwa na kimya cha dakika chache. Nilikaa na vipokea sauti masikioni nikisikiliza mvumo mtupu. Nilimwaza dada amelala chali, na wale wanawake wa huko wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya kichwa chake. Niliogopa. Sikuwa na hasira wala ujuzi wakati ule, nilikuwa na hofu tu.

Mlio ukarudi. Mstari wa kwanza ulitoka mchafu mtupu, wa pili vile vile. Kisha taa ya dari ikafifia. Msimu wa mvua stima, yaani umeme wa mjini, ilikuwa na tabia zake, na karatasi ikaanza kujikokota. Mistari ikalala upande. Mkuu akaweka kiganja chake juu ya mashine kama anayemtuliza ng'ombe. Taa ikarudi. Mistari ikanyooka, na pale pembeni, chini kidogo ya uchafu, ukatokea ukingo wa mashariki wa ziwa, umebanwa na kupinda kwa sababu ya umbali. Mdomo wa ghuba ulikuwa mweusi. Nikaweka kidole nikifuata weusi ule kuelekea ndani, na mkuu akakiondoa kidole changu ili aone mwenyewe. Ndani nako kulikuwa kweusi.

Alitazama muda ambao ulinitia wazimu. Mwishowe akasema, "Ni maji."

Nilinyanyua simu, lakini akaishika kwanza, kwa sababu alikuwa na jambo la pili. Ghuba iliyo wazi hivyo asubuhi ilikuwa na tabia ambayo sote tuliijua. Jua likipanda, upepo wa ziwa huingia nchi kavu, hubeba unyevu hadi vilima vya Nandi, mawingu hurundikana kule mchana kutwa, na alasiri hugeuka na kutushukia na radi na mvua ya mawe. Hilo setilaiti haikulionyesha. Yenyewe ilionyesha kilichopo, kijacho ilituachia sisi.

Alizungumza na nahodha mwenyewe, kwa sauti yake, ili neno liwe lake. "Nenda sasa hivi. Mgonjwa ni dada yake Madam. Ukifika usikae. Jua likifika utosini nataka uwe umeshageuza boti."

Nahodha akasema, "Nimesikia, Mzee." Muda mfupi baadaye tulisikia injini, au tulijidanganya kwamba tumeisikia.

Kungoja kulikofuata nisingemtakia hata adui yangu. Nilipiga simu kwenye shamba la majani chai kule Kericho ambako shemeji yangu alifanya kazi. Wakaniambia ameondoka tangu jana na kwamba yuko Awasi, amekwama na malori na abiria wengine wakingoja maji ya Nyando yapungue. Kwa hiyo hata mume hakuwapo. Nikarudi kwenye kazi zangu. Nilipima upepo, nikapima joto, nikaandika. Ile picha ya kwanza ilikuwa bado mezani. Dada yangu alikuwa ndani ya picha ile. Kamera ilipofunguka, yeye alikuwa chini yake, na kitanda chake, na damu yake, na hakutoka hata kama nukta. Kitu kilichoweza kuona kutoka Sudan hadi Tanzania hakikumwona mtu mmoja aliyenipikia uji. Sasa kilikuwa kimefika bahari za kusini kikipiga picha mawingu ya watu wengine. Nilikichukia. Najua ni upuuzi kuchukia mtambo, lakini nilikichukia kwa moyo wangu wote.

Jua likafika utosini. Upepo wa ziwa ukaanza kulaza nyasi za uani, kwanza kwa ustaarabu, kisha kwa kusukuma. Mkuu hakwenda Milimani kula chakula cha mchana. Alisimama kwenye ua akitazama upande wa Nandi, ambako vichwa vya mawingu vilikuwa vimeanza kupandana. Kila nilipotoka kusoma vipimo nilimkuta pale pale, na kila mara vichwa vile vilikuwa vimeongezeka. Nikapiga simu bandarini. Boti halijaonekana. Nikapiga tena, na karani wa bandari, ambaye alikuwa mpole mara ya kwanza, akaniambia kwamba likifika ataniambia, niache laini.

Ngurumo ya kwanza ilipotoka vilimani sikuomba ruhusa. Nilichukua koti. Mkuu alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

Mvua ilitukuta njiani, na mawe yakagonga paa la gari hata hatukuweza kusikilizana, jambo lililotufaa wote wawili. Bandarini tulisimama chini ya banda la mizigo pamoja na makuli waliojikinga. Maji yaliyokuwa kioo asubuhi yalikuwa kahawia, yenye mawimbi mafupi yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe. Hatukuona zaidi ya mwisho wa gati. Mkuu alisema kwamba tulisoma vizuri. Akarudia, tulisoma vizuri. Hakuwa anaongea nami.

Boti lilitokea ndani ya mvua likiwa karibu sana, injini inakohoa, nahodha amesimama kwa miguu yote miwili kana kwamba amepigiliwa misumari. Chini ya turubai alikuwa dada. Nesi alikuwa amemwinamia, na kichwa cha dada kilikuwa kwenye mapaja ya mwanamke mzee aliyelowa mpaka kitambaa chake cha kanisa kilikuwa kimemganda kichwani. Alikuwa mama mkwe wake. Nilishuka ndani ya boti kabla halijafungwa. Uso wa dada ulikuwa umepauka, midomo imekauka. Akafungua macho, akanitambua.

"Umekula?" aliniuliza.

Wakampandisha kwenye gari la hospitali. Mimi nilibaki nimesimama, maana hakukuwa na nafasi, na nikamgeukia nahodha nikamwuliza kwa nini wamechelewa. Aliambiwa asikae. Nilimwuliza hivyo huku nimemshika ukosi, mtu mwenye umri wa baba yangu. Hakunitoa mkono. Alieleza kwamba walivuka vizuri na kufika mapema, maji yametulia njia nzima. Lakini mgonjwa hawakumkuta zahanati. Alikuwa nyumbani, na mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Alisema mke wa mwanawe hatabebwa kuvushwa ziwa mwanawe hayupo. Kwamba mke wa mtu akifia mikononi mwa ndugu zake wa kuzaliwa, maneno ya mazishi hayataisha, na lawama itamrudia yeye aliyemwachilia. Nesi akamsihi. Nahodha akamsihi. Chai ikapikwa, kwa sababu wageni hawaachwi bila chai hata kifo kikiwa chumbani, na jua likapita utosini watu wameshika vikombe.

"Nikaona huyu mama hasikii mtu," nahodha alisema. "Nikamwambia, Mama, ndugu ya huyu mgonjwa iko ofisi ya ndege. Ana kamera huko juu. Saa hii anatuangalia sisi wote. Anakuona vile unakataa. Akaangalia juu. Halafu akasema, mbebeni, na mimi nakuja."

Nilimwachia ukosi. Mkuu alinipeleka hospitali, na njiani niliyapanga maneno. Niliyapanga vizuri, kwa Kijaluo, ambacho kina maneno makali kuliko lugha nyingine yoyote niijuayo. Nilikusudia yule mama mkwe ayasikie yote, na asiyasahau siku zilizombakia.

Daktari alitoka nje ya chumba cha upasuaji mvua ikiwa imeanza kupungua. Aliniambia dada ataishi. Damu aliyopoteza ni nyingi, lakini ataishi. Mtoto alikuwa wa kiume, na walipomtoa hakuwa na pumzi. Daktari akaanza kusema kwamba kama wangefika mapema, kisha hakumalizia, akaenda kunawa.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ukumbini, peke yake, maji yanamchuruzika na kufanya kidimbwi chini ya miguu yake. Mtu alikuwa ameshamweleza. Nilikwenda nikasimama mbele yake na maneno yangu. Aliinua macho kabla sijafungua mdomo.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Ile saa nilikuwa nakataa, wewe ulikuwa unaniona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nahodha alikuwa ameshaniwekea uongo wenyewe mkononi, na ulikuwa mkali kuliko chochote nilichokuwa nimekipanga.

"Hapana, Mama," nilisema. "Kile kitu hakioni watu. Kinaona mawingu na maji."

"Hata boma hakioni?"

"Hata boma. Hata Kisumu yote haionekani."

Nilidhani atashusha pumzi. Mtu aliyefanya jambo kama lile akiambiwa hakuna jicho lililomwona, nilidhani atapumua. Alikunja pindo la nguo yake, akakamua maji, akalikunjua tena.

"Jana meli ya abiria ya kuja Kisumu ilisimama Kendu," alisema. "Nesi alikuja akaniambia nimpeleke kwa meli, damu ilikuwa imeanza. Nilisema tungoje mwanangu afike. Jana. Hiyo pia hukuiona?"

Nikakaa kando yake. Nilimwambia hiyo pia sikuiona.

"Ingekuwa afadhali ungeiona," akasema. "Ungekuja."